Tangi la marehemu mjomba: nifuate ya zamani au haya ya siku hizi?

Kijana wa Langoni (Lamu)

Asalam aleikum wote. Nisomeni kwa subira manake ni ndefu kidogo.

Mjomba wangu alifariki mwaka juzi, Mungu amrehemu. Alikuwa baharia miaka mingi halafu akatua Mombasa na huko ndiko alikoanza mambo ya kufuga samaki ndani ya kioo. Vitu vyake vilipogawanywa kila mtu akakimbilia friji na makochi, mimi nikaomba tangi la samaki, wakacheka sana, mama akaniuliza kwani baharini hakuna samaki mpaka uwatie sebuleni. Basi limefika wiki iliopita kwa boti kutoka Mokowe. Mwenye punda alipoona kioo akasema yeye hataki lawama, tukalibeba watu wawili vichochoroni mpaka nyumbani, kila tukikutana na mtu inabidi arudi nyuma mpaka kwenye baraza ya watu ndio tupite.

Ni la zamani kweli. Fremu ya chuma cha anglaini imepakwa rangi ya kijani, kioo kimeshikwa na pati nyeusi ambayo sasa imekauka, ukiigusa inapukutika. Futi tatu urefu, futi moja upana, kina inchi 15. Ndani kulikuwa na sahani ya plastiki yenye vitundu kama chujio, inalala chini kabisa, na mirija miwili imesimama pembeni, halafu gunia dogo la changarawe na pampu ya hewa ambayo ikiwashwa inanguruma kama cherehani.

Sasa nakumbuka mjomba alivyokuwa akifanya tukienda likizo. Siku moja kazi imekwisha. Anaosha changarawe, anamwaga maji ya mfereji, anatia chumvi ya mawe gao moja na matone ya dawa ya buluu, kesho yake samaki ndani. Na kila mwisho wa mwezi kila kitu kinatolewa nje, sisi watoto kazi yetu kusugua changarawe kwenye karai na sabuni ya unga mpaka ing'ae. Tangi likawa linameta wallahi, lakini wiki ile ile samaki wanaanza kufa mmoja mmoja, na mjomba husema ni hasadi, kuna mtu amekuja amewasifu bila kusema mashaallah.

Nikiingia YouTube naona dunia nyingine kabisa. Ati ukae mwezi mzima na tangi lenye maji matupu bila samaki hata mmoja. Mara udongo chini ya mchanga, mara taa za LED, mara mtungi wa gesi ya kaboni dioksidi kwa ajili ya majani, na ile sahani ya chini hakuna anaeitaja isipokuwa kwa kuicheka.

Maswali yangu ni haya. Hili tangi litashika maji au nimebeba skrepa? Ile sahani bado inafaa? Na kwanini mjomba alingoja siku moja na hawa wanangoja mwezi? Maji yetu ni ya kisima, yana uchumvi kidogo, na stima huku mnaijua inavyokatika.

fundi_kioo_MLD (Malindi)

Waaleikum salaam mdogo wangu, na pole kwa msiba. Mimi natengeneza matangi hapa Maweni pamoja na madirisha ya aluminiamu, kwa hivyo nijibu la kioo kwanza hayo ya samaki watakuja wenyewe.

Usilitie maji kama lilivyo! Matangi ya fremu yalikuwa yanashikwa na pati, na pati ile inataka unyevu muda wote, tangi likikaa kavu miaka inapasuka na ukijaza maji yatatokea kila kona. Hesabu yako ni karibu lita 106, lita moja kilo moja, tia na changarawe na chuma chenyewe hapo una mzigo kuliko mimi na wewe tukikaa pamoja juu ya meza. Kikiachia usiku wa manane mtaamka mnaogelea.

Dawa yake ni silikoni, ile gundi ya kuzibia kioo. Hio ndio kitu kilichogeuza kazi yetu nzima. Kabla yake tangi bila fremu lilikuwa jambo gumu, na tangi la maji ya bahari ndio balaa kabisa sababu chumvi inakula chuma, chuma kinatia sumu maji. Kuanzia miaka ya 1960 silikoni ilipoingia kioo kikashikana na kioo chenyewe bila chuma na ndio unaona matangi ya leo yako wazi pande zote. Wewe fanya hivi: kwangua pati iliolegea tu kwa ndani na wembe, lakini ilowanishe kwanza na uvae kitambaa usoni kwani pati nyingine za zamani zilichanganywa na risasi, usiivute vumbi lake na usiache watoto wakalichezea. Futa kioo kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke cheupe. Halafu piga mstari wa silikoni kona zote za ndani, chini na zile nne za wima, kwa mpigo mmoja kabla haijaanza kushika. Chukua silikoni inayonuka siki. Ile ya bafuni iliyoandikwa inazuia ukungu ikimbie, dawa ya ukungu ndio itaua samaki wako. Kaa nayo siku tatu mpaka harufu ya siki iishe, kisha liweke uani mahali palipo sawasawa ulijaze na uliache siku mbili huku umezungusha gazeti kavu chini. Gazeti likilowa utaona ni kona gani.

Kama kioo chenyewe kina mkwaruzo mkubwa basi bora nikukatie kipya, hapo unaweza kutumia milimita 6 ukiweka na mkanda wa kioo juu, lakini mimi huweka 8 nikalala usingizi. Fremu usiitupe lakini, watu wa hoteli wanazitafuta hizo.

Ile sahani ya chini inafaa. Tulikua nayo sote. Hewa inapanda kwenye mirija, inavuta maji kupita kwenye changarawe, changarawe yenyewe ndio filta. Ubaya wake ni kwamba uchafu wote unakaa chini hapo huuoni, na mtu akitia mchanga laini wa ufukweni badala ya changarawe inaziba wiki mbili tu. Na kwako Lamu kuna jingine, stima ikikatika masaa kadhaa hewa inakosekana kule chini na kila kilicho hai kwenye changarawe kinakufa, stima ikirudi unasukumiwa uozo wote juu. Siku hizi mimi nawapa watu filta ya sponji, kipande cha sponji na mrija wa hewa basi, pampu hio hio ya mjomba itaiendesha. Stima ikikatika unaikamua kidogo kwenye ndoo ya maji ya tangi inaendelea kupumua, au ununue pampu ndogo ya betri.

Hita huhitaji. Hapa kwetu tatizo ni joto kuzidi.

Bi Samaki (Watamu)

Hahaha hio ya hasadi imenimaliza. Mimi nililaumu jirani mwaka mzima!! Nikiosha filta kwenye mfereji vizuriii, naikamua mpaka maji yatoke meupe, naridhika, siku ya tatu gapi wangu, visamaki vidogo vya tangi, wanapumua juu juu midomo wazi, siku ya tano naokota wanne. Nikaacha kumualika yule mama kabisa maskini. Kumbe ni mimi na mfereji wangu. Siku hizi naikamua sponji ndani ya ndoo ya maji niliyoyatoa kwenye tangi lenyewe, inabaki na rangi ya chai, sijali, samaki hawafi.

Jirani nimemuomba radhi lakini sikumuambia sababu.

Mkomani (Lamu)

Nimesoma maneno yenu nikateka peke yangu. Mnasema akwaria ni mambo ya YouTube na Mombasa. Sisi Amu tumekaa na samaki ndani ya nyumba kabla ya kioo.

Wewe kiyana wa Langoni nenda nyumba yoyote ya mawe iliyobaki na bafu lake la asili, au kama huna wa kukufungulia nenda nyumba ya makumbusho ukatizame. Utaona birika, limejengwa kwa chokaa kwenye kona, kimo cha kiuno. Mai yanatekwa kisimani yanatiwa mle, na ndani ya birika kulikuwa na visamaki. Kazi yao ni kula viluwiluwi vya mbu. Hawakuwa pambo, walikuwa wafanyakazi. Na pale tini kabisa ya birika utaona bakuli la kaure limezamishwa kwenye chokaa, watu wa utalii hudhani ni urembo tu. Ni urembo kweli lakini lina kazi: mai yakipungua mpaka mwisho, au birika likisuguliwa, samaki wanabaki na mai yao ndani ya bakuli mpaka mengine yaye. Nyanya yangu alikuwa hasemi "osha birika", alisema "wape samaki bakuli lao".

Na adabu yake ilikuwa moya tu. Mai yanachotwa kwa kata, unajimwagia huku pembeni. Ole wako uingize mkono wenye sabuni birikani, au kata yenyewe iwe na sabuni. Tulipigwa kwa hilo. Hakuna aliyetueleza habari za bakteria, tuliambiwa sabuni inapofua samaki.

Pampu hakuna, stima hakuna, YouTube hakuna.

tezi_na_omo

Mzee shikamoo, umemaliza mjadala. Kama birika liliweza miaka yote hio bila kitu chochote basi hizi filta na matone ya kupimia na kungoja mwezi ni biashara tu za watu. Kijana tia maji tia samaki, usidanganywe.

mwl_kemia (Malindi)

Shikamoo mzee wetu, hio ya bakuli nitaipeleka darasani kesho asubuhi.

tezi_na_omo wewe subiri kwanza, jibu limo mle mle kwenye maneno ya mzee. Hebu hesabu. Birika lilikuwa na samaki wangapi, wachache, wadogo kama kidole. Nani aliwalisha? Hakuna, walikula viluwiluwi. Maji yalitoka kila siku kwa kata na mengine yakaingia kutoka kisimani, nyumba ya watu wanane wanaotawadha mara tano kwa siku hayo ni maji mangapi. Kwa lugha ya sasa hio ni kubadilisha maji kila siku bila kukosa. Sabuni marufuku. Na kuta za chokaa zenye utelezi wake, utelezi ule ndio makazi ya bakteria wenyewe. Yani kila kitu ambacho mjomba wa kijana alikosea birika lilikuwa limekipata. Sasa njoo kwa tangi la mjomba: samaki kumi na tano, kila mtoto anaepita anawatupia chakula, maji yamesimama mwezi mzima halafu siku moja yanamwagwa yote na changarawe inasuguliwa kwa sabuni.

Sikia kinachotokea ndani. Samaki anatoa amonia, kwenye mashavu yake ya kupumulia na kwenye mavi yake, na chakula kilichobaki kikioza kinatoa amonia pia. Amonia inamchoma mashavu. Kuna bakteria wanaoila hio amonia wakaigeuza naitraiti, nayo bado ni sumu, halafu kuna wengine wanaila naitraiti wakaigeuza naitreti ambayo samaki anaivumilia mpaka utakapobadilisha maji. (Ndio, majina yanafanana, wanafunzi wangu nao huchanganya kila mtihani.) Hawa bakteria hawaelei majini sana, wanajishika kwenye changarawe, sponji, kioo. Tangi jipya hawamo. Inachukua wiki tatu nne hivi mpaka sita wazaane wa kutosha, na huo ndio mwezi unaoulizia. Mjomba alikuwa haupiti ule mwezi, alikuwa anauanza upya kila mwisho wa mwezi kwa karai na sabuni, yani tangi lake maisha yake yote lilikuwa jipya.

Wala asilaumiwe. Wazungu nao walianza kwa kubahatisha. Mwaka 1850 kuna mkemia wa London, Robert Warington, aliweka samaki wa dhahabu wawili na mmea wa majini, majani yakaanza kuoza maji yakaharibika, akaongeza konokono wa kula majani yale, ikatulia. Akaona mmea unatoa oksijeni samaki anatoa kaboni dioksidi mambo yamelingana. 1853 bustani ya wanyama ya London ikafungua nyumba ya samaki na mtaalamu wa viumbe Philip Henry Gosse akalieneza hilo neno akwaria, ikawa fasheni ya masebule yao. Matangi ya wakati ule unaambiwa yalikuwa na sakafu ya jiwe ili wawashe moto chini yake kupasha maji! Lakini wote walikuwa wanafikiria hewa tu. Habari ya bakteria wanaokula amonia mwanasayansi Winogradsky aliionyesha kwenye udongo kuelekea 1890, na ikabaki kwa watu wa udongo na maji taka, mfugaji wa sebuleni hakuambiwa kwa miaka na miaka. Hata wale wa naitraiti, vitabu viliandika ni bakteria aitwae Nitrobacter mpaka 1998 ndio ikaonyeshwa kwamba ndani ya matangi ya maji matamu kazi ile inafanywa na jamaa wengine, Nitrospira. 1998! Mimi nilikuwa sekondari.

Sasa hapa ndio nataka kijana anisikilize vizuri manake hili YouTube za watu wa Ulaya hazikuambii. Amonia ina sura mbili majini, moja haina madhara makubwa na moja ndio sumu yenyewe, na zinageuzana kufuata joto na pH, yani kile kipimo cha uasidi wa maji. Maji ya pH 7 kwenye digrii 28, ile sumu haifiki hata asilimia moja ya yote. pH ikiwa 8 kwa joto hilo hilo inaruka mpaka kati ya asilimia 6 na 7. Kisima chako kimechimbwa kwenye mchanga na mawe ya matumbawe, hayo maji yana chokaa, pH yake itakuwa juu. Kwa hivyo ule ushauri wa zamani wa "tia samaki wawili wagumu waanze tangi" anaweza kuponea mtu wa maji laini yasio na chokaa, tena ya baridi, wewe Lamu utawaua kwa kosa lile lile mara kadhaa upesi. Joto linasaidia kitu kimoja, bakteria wanazaana haraka.

Fanya hivi, ni rahisi. Nunua kamba mmoja mbichi, mfunge kwenye soksi kuukuu safi ambayo haikufuliwa na sabuni ya manukato, mning'inize ndani ya tangi na filta ikitembea. Ataoza, atatoa amonia, bakteria watakuja wenyewe. Pima kwa yale matone ya kupimia yanayogeuza rangi ya maji. Amonia itapanda halafu ishuke, naitraiti ipande halafu ishuke, zote zikifika sifuri na naitreti ipo, badilisha maji nusu, tia samaki wachache. Na baada ya hapo robo ya maji kila wiki. Usisugue kitu kwa sabuni mpaka siku ya kiyama.

Maji yako ya uchumvi na chokaa usihangaike kuyalainisha, chagua samaki wanaoyapenda. Gapi, moli, plati. Hata wale wa ziwa Malawi na Tanganyika wangependa lakini tangi la futi tatu ni dogo kwao, na wagomvi. Samaki wa dhahabu waache, joto letu linawachosha na wanachafua maji vibaya mno.

tezi_na_omo

Haya mwalimu nimeshuka jahazini. Ila sijakubali hio ya mtungi wa gesi.

mwl_kemia (Malindi)

Ya gesi hata mimi sijakuambia ununue lol. Hayo ni ya watu wanaotengeneza bustani ndani ya maji, yule Mjapani Takashi Amano alieanzisha kampuni yake 1982 ndie aliewatia watu wazimu wa mawe na magogo na majani yamepangwa kama mlima. Nzuri sana kutazama. Lakini ni hobi ya majani, samaki pale ni kama wageni wa harusi.

Bi Samaki (Watamu)

Kijana nikuongezee, usiokote matumbawe wala kombe ufukweni kwa ajili ya urembo. Kwanza yanazidi kutia chokaa kwenye maji ambayo tayari yamejaa chokaa. Pili huku kwetu bahari ya Malindi na Watamu ni hifadhi tangu 1968, ukikutwa na jiwe la mwamba utalieleza vizuri.

Na mie nilitaka kuuliza fundi, tangi la maji ya bahari siku hizi inawezekana nyumbani? Bahari si hii hapa mlangoni.

fundi_kioo_MLD (Malindi)

Inawezekana dada lakini usianzie hapo. Kuna Muindonesia Lee Chin Eng alieshaonyesha 1961 kwamba mawe hai ya mwamba, yani yenye viumbe wake, na hewa kidogo yanaweza kushika tangi la bahari bila mitambo mingi, watu wakampuuza wakaenda kwenye mafilta ya mapipa na mipira ya plastiki, miaka thelathini baadae wakarudi kwenye mawe yale yale. Sasa wewe mawe utayatoa wapi, umeshajijibu mwenyewe hapo juu. Mimi nimetengeneza moja tu, la mteja wa hoteli, na mvuke wa maji ulivyokuwa ukipanda kiangazi kila siku ndoo ya maji matamu kujazia. Nilipotoka pale nilishukuru.

Kijana wa Langoni, kukungojesha mwezi wote sio lazima. Nina tangi hapa la miaka minne, nitakukatia sponji yangu nusu, imejaa hao bakteria wa mwalimu mpaka imekuwa nyeusi. Naitia kwenye kontena na maji kidogo ya tangi, sifungi mfuniko kabisa wapate hewa, naipa makanga wa basi la asubuhi mpaka Mokowe. Wewe ipokee siku hio hio, itumbukize kwenye tangi, tia samaki watatu wanne tu, ongeza polepole.

Kijana wa Langoni (Lamu), siku 11 baadae

Nimerudi na habari, nyingine nzuri nyingine sijui niiteje.

Nzuri ni kwamba tangi limeshika. Nilipiga silikoni kama ulivyosema fundi, kona moja nilikwenda zigizaga kama mlevi lakini gazeti lilikaa kavu siku mbili nzima, mpaka jirani alikuja akalisoma.

Sponji ilifika. Makanga alisema abiria wawili walimuuliza kama ni maini. Nilishuka nayo Lamu saa tisa hivi, nikaiweka jikoni juu ya sinki ndani ya kontena yake, nikasema niswali alasiri kwanza ndio niitie ndani. Kurudi namkuta mama anasugua sufuria ya pilau. Na sponji nyeusi. Povu mpaka kwenye viwiko. Akaniambia mwanangu hii sponji uliyoleta ilikuwa chafu sana, lakini nimeitakasa.

Nimekaa kwenye baraza nusu saa nzima nikicheka peke yangu.

fundi_kioo_MLD (Malindi)

Innalillahi!!! Miaka minne ya bakteria wangu

Mkomani (Lamu)

Mamako nae alikosa wa kumpiga utotoni kwa habari ya kata yenye sabuni.

mwl_kemia (Malindi)

Hio sponji usiitie tena ndani hata ukiisuuza mara kumi, muachie mama. Nenda sokoni ukatafute kamba.

Kijana wa Langoni (Lamu), siku 30 baadae

Leo ni siku ya 19 tangu nimtie kamba. Nimepima kwa matone, mwalimu, amonia ilipanda mpaka rangi ya kijani kibichi na sasa imerudi karibu njano, yani imeshuka, na naitraiti ndio imeanza kuwa zambarau, yani inapanda. Stima ilikatika mara mbili, mara moja usiku kucha, nikaikamua sponji mpya kwenye ndoo kwa tochi ya simu kama fundi alivyosema. Maji yanaonekana matupu lakini kwenye kioo kumeanza utelezi mwembamba, nikipitisha kidole nausikia.

Sahani ya mjomba sikuitumia. Nimeitia changarawe juu kidogo ikakaa uani kwenye karai, paka anailalia.

Gapi nimeshaagizia, watatoka kwa Bi Samaki Watamu, amesema atanipa sita na hataki pesa anataka halua. Watakuja nitakapokuwa sifuri kwa sifuri. Kamba nimemtoa jana pamoja na soksi yake, mama alisema harufu ile ama itoke yenyewe au nitoke mimi.